Spirometa, pikiflo, oksimita au mwendo wa dakika sita: kipi kifuatilie mapafu yenye COPD?

Mgonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa) wa Ujiji au Kibirizi, Kigoma, anayetaka kujua mapafu yake yanakwendaje anaweza kujibiwa kwa vipimo vinne, na majibu yasilingane. Spirometa, mashine inayopima hewa anayopuliza, inasema amebaki na nusu ya uwezo. Oksimita ya kidoleni, inayopima oksijeni ya damu, inasoma asilimia 96 na kumtuliza. Pikiflo, kifaa kidogo kinachopima kasi ya juu ya pumzi, inapanda na kushuka kila asubuhi. Miguu yenyewe inamwambia kwamba mlima aliokuwa akiupanda bila kusimama sasa anaupumzikia mara mbili. Hakuna kinachodanganya hapo. Kila kimoja kinapima jambo lake, na kosa hutokea pale kimoja kinapoulizwa swali la mwenzake.

Kabla ya kuchagua, lazima ujue kinachofuatiliwa kina kasi gani. Kipimo kikuu cha COPD ni kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukipuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, kinachoandikwa FEV1. Mtu mzima mwenye afya naye hupoteza hewa hiyo kadiri anavyozeeka, takriban mililita 25 hadi 30 kwa mwaka. Kwa mvutaji wa sigara ambaye mapafu yameanza kuharibika, hasara huweza kuwa mara mbili. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada uliwafuatilia wavutaji wenye COPD ya mwanzo kwa miaka 11, na matokeo ya mwaka 2002 yalikuwa haya: wanaume walioendelea kuvuta walipoteza mililita 66 kila mwaka, walioacha tangu mwanzo walipoteza 30. Kwa wanawake ilikuwa 54 dhidi ya 22. Mvuvi wa dagaa wa miaka 48 mwenye FEV1 ya lita 2.40, akipoteza 60 kwa mwaka, atakuwa na lita 1.68 akifika miaka 60. Akipoteza 30, atakuwa na 2.04. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atavuta wavu mwenyewe au atabaki ufukweni kuanika.

Sasa tazama ugumu ulipo. Mililita 60 ni kama robo ya kikombe cha chai. Mtu yuleyule akipuliza mara tatu ndani ya nusu saa, matokeo yake mawili bora yanaruhusiwa kutofautiana hadi mililita 150, na bado kipimo kikahesabiwa kuwa kizuri. Yaani hasara ya mwaka mzima ni ndogo kuliko tofauti kati ya pumzi moja na nyingine. Anayelinganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana, akatangaza kwamba mapafu "yameshuka" kutoka 1.62 hadi 1.55, hajapima kitu bado. Kwa mwaka hadi mwaka, badiliko la FEV1 linaloaminika huanzia kama asilimia 15. Kwa wiki hadi wiki kwa mwenye COPD, asilimia 20.

Tena kasi si moja kwa wote. Utafiti wa miaka mitatu uliochapishwa mwaka 2011 uliona wastani wa kupoteza mililita 33 kwa mwaka, lakini asilimia 38 ya wagonjwa walipoteza zaidi ya 40, na asilimia 8 FEV1 yao ilipanda. Mwaka 2015 ukatoka uchambuzi uliounganisha tafiti tatu za muda mrefu za Marekani na Denmark: karibu nusu ya waliokuja kuwa na COPD hawakuwa wakishuka haraka. Walianza utu uzima na mapafu madogo, kisha wakashuka kwa kasi ya kawaida. Kwa Kigoma hili lina uzito wake. Mtoto aliyekua mgongoni mwa mama anayechemsha mawese kwa kuni, au aliyeugua kifua mara kwa mara, anaweza kufika miaka 25 akiwa na akiba pungufu. FEV1 ndogo ya mara ya kwanza haisemi kwamba mtu anateremka mbio. Inasema yuko wapi tu.

Kwa mtazamo wa haraka, vipimo vinalingana hivi:

| Kipimo | Kinajibu swali gani | Badiliko la kuzingatia | Kinakosea wapi |
|---|---|---|---|
| Spirometa | Ni COPD? Imefikia wapi? Inashuka kwa kasi gani? | FEV1 asilimia 15 kwa mwaka, au mwelekeo wa miaka 3 hadi 5 | Upulizaji mbaya, mashine tofauti |
| Pikiflo | Je, hii ni pumu? | Kupanda asilimia 20 baada ya dawa | Huficha ukali wa COPD |
| Oksimita | Oksijeni inatosha sasa hivi? | Pointi 4 au zaidi, zikijirudia | Huchelewa. Ngozi nyeusi, piko, baridi |
| Mwendo wa dakika 6 | Mwili unaweza kufanya nini? | Mita 30 | Njia yenye mlima au mchanga, mara ya kwanza |

Tuanze na spirometa, kwa sababu bila hiyo jina la COPD lenyewe ni dhana tu. Ugonjwa unathibitishwa pale hewa ya sekunde ya kwanza, ikigawanywa kwa hewa yote iliyopulizwa, inapokuwa chini ya 0.70 baada ya dawa ya kupanua njia za hewa. Dawa ni salbutamol maikrogramu 400, yaani pampu nne za maikrogramu 100, moja moja kupitia spesa (chemba ya plastiki inayounganishwa na pampu), kisha kusubiri dakika 10 hadi 15. Kipimo kisicho na dawa hakitoshi, maana pumu nayo huweza kushusha uwiano huo na ikarudi vizuri baada ya pampu. Ukali hupangwa kwa FEV1 kama asilimia ya inayotarajiwa: 80 au zaidi ni hatua ya kwanza, 50 hadi 79 ya pili, 30 hadi 49 ya tatu, chini ya 30 ya nne.

Kosa linaloharibu vipimo vingi kuliko yote ni kuacha kupuliza mapema. Mgonjwa anapuliza kwa nguvu sekunde mbili, anahisi amemaliza, anatoa mdomo. Hewa yote inaonekana ndogo, uwiano unapanda juu ya 0.70, na mwenye COPD anarudishwa nyumbani akiwa "mzima". Mapafu yaliyoziba hutoa hewa polepole sana mwishoni, kwa hiyo mpimaji anatakiwa aendelee kuhimiza "puliza, puliza, puliza" hadi mstari kwenye kioo ulale, jambo ambalo kwa mgonjwa mtu mzima huchukua sekunde 6 na mara nyingi zaidi. Mengine ni kusita mwanzoni, kukohoa ndani ya sekunde ya kwanza, midomo kuvujisha pembeni, na ulimi kuziba kinywa cha bomba. Meno ya bandia yabaki mdomoni kama yamekaza, yakicheza, yatolewe. Kanga iliyofungwa kwa kubana kifuani ilegezwe. Sigara isivutwe saa moja kabla, wala kazi nzito isifanywe saa hiyo, na pombe iachwe saa 8 kabla.

Upande wa mashine, kuna bomba la lita 3 la kuihakiki. Asubuhi ya kila siku ya kupima, mashine isome kati ya lita 2.91 na 3.09. Ikitolewa chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa barazani kwenye joto la Kigoma, isubiri ipate joto la hapo kwanza, kwa sababu hesabu yake inategemea joto la hewa. Mashine ndogo za mkononi zenye feni ndogo inayozunguka huziba kwa mate na vumbi, zikaanza kusoma pungufu taratibu. Mgonjwa anaonekana anashuka kumbe ni mashine.

Hapa tuna ushauri mmoja ambao hautiliwi maanani: fuata lita, usifuate asilimia. Asilimia huhesabiwa kwa umri, urefu na jinsia, pamoja na jedwali la rejea lililomo kwenye mashine. Jedwali hubadilika. La mwaka 2012 liligawa watu kwa asili zao, na baadaye likaja la pamoja lisilogawa, ambalo sasa ndilo linalopendekezwa. Ukipimwa Mwanza mwaka huu na Dar es Salaam mwakani, asilimia inaweza kuruka kwa sababu ya jedwali peke yake. Urefu nao upimwe bila viatu kila mara. Na kwa wazee wasio na uhakika wa mwaka wa kuzaliwa, uchaguliwe mwaka mmoja, uandikwe kwenye daftari, utumike hivyohivyo hadi mwisho. Mzee anayeandikwa miaka 62 leo na 70 kesho kutwa atapata "nafuu" ya karatasi isiyokuwepo kifuani, kwa kuwa anayetarajiwa kuwa na hewa kidogo huonekana ana asilimia kubwa.

Kama umewahi kutibiwa kifua kikuu, mwambie mpimaji. Kovu la TB huweza kupunguza hewa yote kwa pamoja, na uwiano ukaonekana wa kawaida huku mapafu yakiwa madogo, au yakawa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Na anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetokwa jasho usiku au kukonda apimwe makohozi kwanza, kabla ya kuingizwa chumba cha kupulizia. Anayetema damu asipulize hadi chanzo kijulikane, wala aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya wiki moja. (Eksirei, kwa wanaouliza, huonyesha kovu, maji au uvimbe. Haipimi pumzi, na picha safi haiondoi COPD.)

Pikiflo ni rahisi, inaingia mfukoni, haihitaji umeme, na ndiyo sababu inauzwa kwa urahisi. Kwa kufuatilia COPD hatuipendekezi. Inapima kasi ya juu ya pumzi, ambayo hutokea mwanzoni kabisa mwa kupuliza na kutegemea zaidi njia kubwa za hewa na nguvu ya mtu. COPD huanza kwenye vijia vidogo. Mgonjwa anaweza kusoma namba inayoonekana ya wastani huku FEV1 yake ikiwa imeanguka vibaya.

Lakini ina kazi moja inayoifanya vizuri: kutenganisha pumu na COPD mahali pasipo na spirometa. Puliza mara tatu asubuhi na mara tatu jioni kwa wiki mbili, ukiwa umesimama, uandike kubwa kila mara. Kila siku chukua tofauti ya asubuhi na jioni, igawanye kwa wastani wa siku hiyo. Wastani wa wiki mbili ukizidi asilimia 10, fikiria pumu. COPD hutoa mstari mlalo, wa chini, usiochangamka. Usibadilishe kifaa katikati, kwani vipimo vya zamani na vipya havina mizani moja.

Oksimita imeenea sana tangu Uviko, na ndiyo inayopotosha kuliko zote kwa sababu namba yake inaeleweka kirahisi. Mwili una akiba. Mtu anaweza kupoteza nusu ya FEV1 na damu ikaendelea kubeba oksijeni ya kutosha akiwa ameketi. Kwa hiyo oksimita haiwezi kuonyesha mapafu yanavyopungua mwaka hadi mwaka. Hulala kwa miaka, kisha huamka mwishoni. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni wakati wa kuzidiwa, yaani kikohozi na kuhema vinapozidi ghafla. Ya pili ni kwa mgonjwa wa hatua ya tatu au ya nne: ikisoma 88 au chini yake akiwa ametulia, aende kuchunguzwa kama anahitaji oksijeni ya muda mrefu, na usomaji huo urudiwe baada ya wiki tatu kabla ya kuamua.

Ina makosa yake. Kidole kiwe na joto, kisiwe juani, mkono ulazwe kifuani, na namba isubiriwe itulie kwa dakika nzima. Piko au rangi ya kucha inaweza kuzuia mwanga, kwa hiyo tumia kidole kisichopakwa. Na kwa ngozi nyeusi kifaa huelekea kusoma juu kuliko ukweli: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliona kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na oksimita ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Mtu wa Kigoma anayesoma 91 huku akihema asiambiwe "bado uko sawa". Mwinuko nao unahesabika kidogo. Kiwango cha maji ya Ziwa Tanganyika kiko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu na Buhigwe ziko juu zaidi, hivyo namba ya mtu yuleyule inaweza kuwa chini kidogo akipanda huko. Linganisha usomaji wa sehemu moja.

Mwendo wa dakika sita ndio kipimo tunachokipenda zaidi kwa ufuatiliaji wa wilayani, ingawa hauna heshima ya mashine. Unahitaji njia tambarare ya mita 30, vitu viwili vya kuweka alama mwisho huku na huku, saa, kiti, na mtu wa kuhesabu mizunguko. Mgonjwa anatembea, hakimbii, anaruhusiwa kusimama lakini saa haisimami. Umbali unaandikwa kwa mita. Akishuka chini ya 80 kwenye oksimita, akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimamishwe.

Tatizo la hapa ni ardhi. Mji wa Kigoma ni vilima, na ufukweni ni mchanga. Vyote viwili vinaharibu kipimo. Ukingo wa uwanja wa mpira au korido ndefu ya hospitali inafaa. Umbali wa kwanza huwa mdogo kwa sababu mtu hajajua kupanga mwendo wake, na akirudia baada ya kupumzika nusu saa huongeza wastani wa kama mita 26. Kwa hiyo siku ya kwanza fanya mara mbili na uandike kubwa, vinginevyo mara ya pili itaonekana dawa imefanya kazi. Badiliko la mita 30 ndilo linaloanza kuwa na maana. Anayetembea chini ya mita 350 yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na namba hiyo hutumika pamoja na uzito ukilinganishwa na urefu, FEV1 na ngazi ya kuhema katika kukadiria mwelekeo wa ugonjwa.

Ngazi ya kuhema ni maswali matano tu, 0 hadi 4: kuhema kwa kazi nzito pekee, kwa kuharakisha au kupanda mlima mdogo, kwenda polepole kuliko wa rika lako kwenye tambarare, kusimama baada ya kama mita 100, kushindwa kutoka nyumbani au kuhema unapovaa nguo. Kwa anayeishi mlimani, swali la "mlima mdogo" halisaidii kitu. Chagua mlima mmoja maalumu, mfano wa kutoka gatini, na uandike unasimama mara ngapi.

Kinachobaki ni kuamua nani atumie kipi.

Ambaye hajawahi kuthibitishwa, ana miaka 40 na zaidi, anakohoa na kuhema, na amevuta sigara au amekaa na moshi wa kuni, wa mawese au wa kubanika migebuka kwa miaka: spirometa yenye dawa, hata kama ni kwa rufaa na safari. Kabla ya kupanda treni au basi, piga simu kule unakokwenda na uliza mambo manne: mashine inafanya kazi, vichujio na vinywa vya bomba vipo, bomba la lita 3 lipo, salbutamol ipo. Kikikosekana kimoja, safari inaweza kuwa ya bure.

Aliyethibitishwa na ametulia: spirometa mara moja kwa mwaka, mashine ileile ikiwezekana, mwezi uleule. Mwezi una maana, kwa sababu kiangazi nyasi zinapochomwa vifua huwa vibaya kuliko masika yanapokuwa yameosha hewa. Dawa zitumike kwa utaratibu uleule kila mara. Mwendo wa dakika sita na ngazi ya kuhema kila miezi mitatu. Mteremko usihukumiwe kabla ya karatasi nne.

Aliyezidiwa karibuni asipimwe spirometa ya ufuatiliaji mpaka zipite wiki 6 tangu atulie. Vipindi vya kuzidiwa ndivyo vinavyoangusha mapafu kwa ngazi, si kwa mteremko laini, na wengine hawarudi walipokuwa. Kwa hiyo idadi ya vipindi hivyo kwa mwaka, pamoja na vilivyohitaji vidonge vya steroidi, antibiotiki au kulazwa, iandikwe kwenye daftari. Safu hiyo huwasaidia madaktari kuliko pikiflo ya miezi sita.

Aliye mbali kabisa, zahanati isiyo na kitu: ngazi ya kuhema, mwendo kwenye uwanja wa shule, uzito kila mwezi, na pikiflo ya wiki mbili mwanzoni ili kuchuja pumu. Pasipo na njia tambarare, kuna kipimo cha kiti: kiti kisicho na mikono chenye kimo cha kama sentimita 46, mikono ikunjwe kifuani, inuka na kukaa kwa dakika moja, hesabu. Hesabu ikipungua kwa mara 3 au zaidi, ni dalili ya kurudi kwa daktari. Na akiwa bado anavuta, pesa ya oksimita inunue kwanza msaada wa kuacha, maana katika vyote vilivyotajwa humu, kuacha sigara ndiko kulikoonyeshwa kupunguza kasi hadi nusu.